Kiduara kwenye pichi kinaua urushaji

Mimi na kaka yangu tulijifunzia kriketi ya kompyuta kwenye kibodi moja. Gemu lilikuwa Cricket 07 la EA Sports, na kompyuta ilikuwa ya ami yetu, sebuleni kwake Mombasa, ikifunikwa kitambaa cha kufuma kila ilipozimwa. Mmoja alishika upande wa kushoto wa kibodi, mwingine wa kulia. Tuligombania kupiga. Kurusha hakukuwa na mgombeaji. Ulirusha kwa sababu zamu ya mwenzako ya kupiga imefika.

Siku moja ami alivuta kiti akakaa nyuma yetu. Yeye alikuwa mrushaji kweli, wa Jumapili kwa Jumapili, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa na sugu za mshono wa mpira. Akatazama kiduara cha kulengea mpira kikitembea juu ya pichi, ule ukanda kati ya mrushaji na mpigaji, kikasimama karibu na miguu ya mpigaji wa kaka, kisha mpira wangu ukaanguka papo hapo na kaka akaupeleka hadi mpakani. Ami akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona unamwonyesha?"

Sikuwa na jibu. Nadhani swali hilo ndilo lililo muhimu kuliko yote kwa yeyote anayetengeneza gemu la kriketi, na wengi wamelipita.

Kwa asiyewahi kulicheza, urushaji wa Cricket 07 ulikwenda hivi. Unachagua mrushaji wako, wa kasi au wa mzunguko. Anapoanza kukimbia, kiduara kinatokea kwenye pichi, nawe unakisogeza hadi pale unapotaka mpira uangukie. Unabonyeza kitufe cha aina ya mpira: wa kupinda hewani kwenda nje, wa kupinda kuingia ndani, wa polepole. Kisha unangoja wakati wa kuuachia. Ukiwahi mno, mpira unakosa nguvu. Ukichelewa, mguu unavuka mstari na mwamuzi anatangaza mpira haramu. Rahisi, inaeleweka, na mtoto anaijua kwa dakika tano. Nililipenda gemu lile na bado nalipenda. Lakini skrini ni moja na macho ni manne. Kiduara ninachokiona mimi, mpinzani wangu anakiona pia, na kabla mpira haujaondoka mkononi yeye ameshajua kama atasonga mbele au atarudi nyuma.

Uwanjani mpigaji hana kiduara. Ana yadi 22 na chini ya sekunde moja, na mpira wa kasi humwachia karibu nusu sekunde tu. Ndani ya muda huo anasoma kifundo cha mkono, anasoma mshono umeelekea wapi, anasoma vidole. Na kazi yote ya mrushaji ni kumfanya asome vibaya. Tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, katika Kombe la Dunia, mrushaji wetu Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka huku akiwapa mikimbio (alama) 24 tu, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Obuya alikuwa akirusha mpira wa mzunguko wa kifundo, ule ambao mpigaji asipouona mkono vizuri hajui unageukia upande gani. Mweke Obuya ndani ya gemu lenye kiduara, umbakishie mzunguko wake wote na umwondolee siri yake. Atabaki na nini?

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi, kwa kuwa mwenyewe ni wa kwetu Mombasa. Katika kombe hilo hilo, tarehe 15 Machi, Kenya ilicheza na Australia mjini Durban. Aasif Karim alikuwa na miaka 39, na alikuwa amekwisha kustaafu kabla ya kuitwa tena kikosini. Australia walihitaji mikimbio 175 na walikuwa wanaifuata kwa haraka, mpigaji wao Gilchrist ameshapata mikimbio 67. Karim akashika mpira. Ova nane (kila ova ni mipira sita) na mipira miwili, yaani mipira 50, na mikimbio saba tu. Ova sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Alimtoa Ponting, akamtoa Lehmann, akamtoa Hogg. Australia walishinda kwa wiketi tano, yaani wakiwa na wapigaji watano wa kutolewa bado, ila tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikwenda kwa Karim. (Mtu huyu aliiwakilisha Kenya hata kwenye tenisi ya Davis Cup, na bado wapo vijana wa mji wake wasiomjua.)

Mkono wa kushoto, mpira wa polepole, hakuna maajabu ya kugeuka. Aliuweka mahali pale pale, akabadilisha kasi kidogo, akauinua hewani kidogo, akarudi pale pale. Mpira wa kwanza ulikuwa unamwandaa mpigaji kwa wa nne. Wa nne ulikuwa unamwandaa kwa ova inayofuata.

Nimejaribu mara nyingi kuirudia kazi hiyo ndani ya gemu. Naweka mrushaji wa mkono wa kushoto, polepole, naulenga mpira mahali pamoja. Katika gemu moja la miaka ya karibuni, mpigaji wa kompyuta huvumilia mipira mitatu, halafu wa nne anashuka pichi na kuupiga juu ya kichwa changu, kana kwamba ameniandikia ratiba. Hajachoka kusubiri, wala hana hamu iliyomzidi. Kila mpira kwake ni mpira wa kwanza. Gemu linapima mpira mmoja mmoja: uliuachia kwa wakati au hukuuachia, uliulenga vizuri au vibaya. Ova nzima kama kitu kimoja, chenye mwanzo na mtego na mwisho, haliijui.

Ndiyo maana mwaka 2014 nilifurahi kupita kiasi. Big Ant Studios wa Melbourne walitoa Don Bradman Cricket 14, na walichokifanya kwenye urushaji kilikuwa cha ujasiri: walikitoa kiduara. Urefu wa mpira unauchagua kwa kitufe, kimya kimya. Mrushaji anaporuka unavuta kijiti cha kulia cha pedi nyuma, na anapofikia kuachia unakisukuma mbele. Ukikipindisha kidogo pembeni, mpira unafuata upande huo. Kwa mpira wa mzunguko unakizungusha kijiti kwanza ili kuupa mpira mizunguko, ndipo unausukuma. Mpigaji anaona mwili wa mrushaji na mkono wake, basi. Kama uwanjani.

Wiki ya kwanza ni ngumu. Mpira unakwenda usikokusudia, kidole gumba kinauma, mwamuzi ananyoosha mikono kila mara kwa mipira iliyopita mbali. Wapo waliolitupa gemu kwa sababu hiyo na siwalaumu. Ila wiki ya tatu kidole kinakumbuka chenyewe, na hapo unapata kitu ambacho kiduara hakikuwahi kunipa: mpira niliokosea mimi, kwa mkono wangu, na mpira niliopatia mimi. Niliporusha mpira uliomgonga mpigaji mguuni mbele ya vigingi, nilijua kwa nini umeingia ndani.

Najua jibu la upande wa pili. Mgeni anahitaji kuona anakorusha, la sivyo atakata tamaa. Ni kweli, na simu imelifanya jambo hili kuwa gumu zaidi, maana kioo hakina kijiti na kidole hakihisi kitu. Basi mgeni apewe kiduara, lakini apewe anayerusha peke yake. Wawili wanaocheza kwa intaneti kila mmoja ana skrini yake, kwa hiyo mpigaji hana sababu ya kukiona. Na kwa wanaokaa sebule moja, kitufe cha kimya kinatosha.

Jambo la pili ningeomba ni kumbukumbu. Mpigaji wa kompyuta akumbuke mipira mitano iliyopita. Mikimbio ikikauka aanze kuhangaika, kama binadamu. Akipigwa na mpira mfupi mbavuni, mguu wake usite kusonga mbele kwa unaofuata. Hapo ndipo mrushaji wa polepole atakapopata thamani yake, kwa sababu magemu mengi yanamchukulia kama pumziko kati ya warushaji wa kasi. Juni 2024, katika Kombe la Dunia la T20 (kriketi ya ova 20 kwa kila upande), Frank Nsubuga wa Uganda, mwenye miaka 43, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio minne na kuchukua wiketi mbili, yaani kuwatoa wapigaji wawili. Uganda wakapata ushindi wao wa kwanza katika mashindano hayo. Kasi haikuwa na nafasi yoyote katika kazi ile. Gemu lisiloweza kumfanya kijana aione raha ya ova kama zile nne halijamfundisha kriketi, limemfundisha kupiga.

Mwezi uliopita kaka alinitembelea. Tukawasha, bila kiduara, kila mtu na pedi yake. Nilimrushia mipira mitano nje ya kigingi cha mbali, urefu ule ule, kasi ile ile, naye akaiacha miwili na kuizuia mitatu. Wa sita niliushika nyuma zaidi kiganjani, ukatoka polepole, na gongo lake likawa limeshapita mpira ulipofika. Kigingi cha katikati kikalala.

Alikaa kimya kidogo akitazama marudio. Kisha akaiweka pedi yake kwenye zulia na kuniambia, "Haya, nipishe nirushe mimi."