"Utaajiriwa Wapi?"

Juma lililopita nilihudhuria mahafali katika shule moja ya sekondari hapa Kigoma. Kijana mmoja aliposimama na kusema kwamba angependa kusomea namna mwili unavyoivunja dawa, mgeni rasmi alicheka kwanza, kisha akamuuliza: "Utaajiriwa wapi, baba?" Ukumbi ukacheka pamoja naye. Kijana akaketi, na mgeni rasmi akatuhamishia kwenye ufugaji wa kuku, ambao angalau maini yao yana soko.

Hasira ile sijaimaliza, na sababu yake ni mama yangu mdogo, ambaye ameniruhusu kuyaandika haya bila kumtaja jina.

Kabla ya mwaka 2019 alikuwa akinywa kidonge cha kufubaza virusi vya Ukimwi chenye miligramu 600 za efavirenzi, kipimo kilekile alichopewa mvuvi mwenye mwili mara mbili ya wake. Kila usiku, baada ya kumeza, aliuegemea ukuta kwa kiganja na kwenda kitandani akipapasa. Usingizini alifukuzwa na watu asiowajua, na alfajiri, pale Kibirizi alipouzia dagaa, alimrudishia mteja chenji mara mbili bila kujitambua. Kliniki waliambiwa, wakajibu kwamba atazoea. Alipoanza kuruka baadhi ya siku ili aweze kufanya kazi, kadi yake ikaandikwa "mtoro".

Efavirenzi huvunjwa hasa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2B6. Wapo watu waliorithi jeni inayokifanya kimeng'enya hicho kiwe kivivu, kiasi kwamba dawa ya jana haijaisha mwilini ndipo ya leo inapoingia, ikarundikana hadi ikamvuruga mtu kichwa, na jeni hiyo imeenea zaidi Afrika kuliko Ulaya. Mama mdogo hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba yeye ni miongoni mwao. Wala hakuulizwa iwapo alikimeza kidonge baada ya kula migebuka ya mawese, ilhali chakula chenye mafuta mengi huongeza kiasi cha dawa hiyo kinachoingia katika damu. Aliulizwa jambo moja tu: "Mama, mbona wewe ni mkaidi?"

Mambo haya hayakujulikana kwa kupiga ramli. Collen Masimirembwa, Mzimbabwe aliyesomea uzamivu katika taasisi ya Karolinska nchini Sweden, pamoja na wenzake, walieleza mwaka 1996 aina ya jeni iitwayo CYP2D6*17, iliyoenea miongoni mwa Waafrika na inayopunguza nguvu ya kimeng'enya kingine cha ini. Alifanya kazi katika kampuni ya dawa ya AstraZeneca hukohuko Sweden, kisha akarudi Harare kuiongoza taasisi ya utafiti ya AiBST, na suala la efavirenzi na maini ya Wazimbabwe ni miongoni mwa aliyoyafuatilia. Huyo naye bila shaka aliwahi kuulizwa ataajiriwa wapi.

Mwaka 2014 matokeo ya utafiti wa ENCORE1 yalionyesha kwamba miligramu 400 za efavirenzi hufanya kazi sawa na 600. Kwa hiyo mwanamke aliyehisi kwamba dawa imemzidi hakuwa anaota, ingawa njia aliyoichagua ilikuwa ya hatari, kwa sababu kuruka siku huvipa virusi nafasi ya kuwa sugu. Angekuwapo mtu wa kumpimia damu na kumpunguzia dozi kwa elimu, asingejipunguzia kwa kubahatisha.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mgeni rasmi ana hoja: mashine za kupimia dawa katika damu ni ghali, na nafasi za kazi ni chache. Lakini asinieleze kwamba tatizo limepita kwa kuwa sasa tuna dolutegravi, dawa ya kufubaza virusi iliyochukua nafasi ya efavirenzi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini huongezewa dozi ya dolutegravi, kutoka miligramu 50 mara moja kwa siku hadi mara mbili, kwa sababu rifampisini hulichochea ini kuivunja haraka. Nalo hilo liligunduliwa na watu wa kazi ileile iliyochekwa ukumbini.

Mama mdogo alihamishiwa dolutegravi, na siku hizi haushiki ukuta. Kadi yake ya zamani ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, na neno "mtoro" limo bado, limepigiwa mistari miwili ya kalamu nyekundu.