Tangazo la Tarabu Lamu: la Mkono au la Simu?

Siku hizi, kunapoandaliwa usiku wa tarabu mjini Lamu, tangazo hutengenezwa kwenye simu na kurushwa katika makundi ya WhatsApp, na anayechora kipeperushi kwa mkono huonekana kama mtu aliyepitwa na wakati. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, imetolewa kwa haraka.

Tangazo la simu lina nguvu zake. Hufika Mombasa na Nairobi papo hapo, na mwimbaji akikwama safarini, saa ya kuanza hubadilishwa bila kuchapa upya. Tena halihitaji gundi, jambo lisilo dogo katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, ambao milango yake ya nakshi haistahili kubandikwa chochote.

Lakini mwenye duka bado huomba nakala ya kutundika, na hapo ndipo mambo huharibika. Ili karatasi ya A4 ichapwe vizuri, picha inahitaji pikseli zipatazo 2480 kwa 3508, ilhali iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imekwisha kubanwa, na majina ya wapigaji hutoka na ukungu. Rangi nyeusi iliyotandazwa nyuma ya maandishi, inayopendeza sana kwenye kioo cha simu, ikipitishwa kwenye mashine ya fotokopi hugeuka doa, na yanayomezwa kwanza ni yale maandishi madogo ya chini: mahali na kiingilio. Mchoraji wa mkono hujua tangu mwanzo kwamba kazi yake itatolewa nakala. Huacha weupe mwingi, hukoleza wino, na neno Mkunguni, jina la uwanja ulio mbele ya ngome ya Lamu, huliandika kwa herufi nene ili lisomwe na aliyeketi barazani upande wa pili wa njia.

Isitoshe, Lamu ni mji wa khati. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa hapa kwa herufi za Kiarabu, na kijana anayelipinda jina la mwimbaji kwa kalamu anauendeleza ustadi huo, ambao hawezi kuupata katika kiolezo kilekile kinachotangaza pia harusi na viatu.

Ni kweli kwamba mkono ni mzito na muda ni mchache. Hata hivyo, mchoro mmoja unatosha: upigwe picha mchana penye mwanga sawa, utumwe kama faili ili usibanwe, na wenyewe utundikwe kwa uzi mlangoni mwa duka.