Kabla ya ENIAC kulikuwa na gia
Mwandishi wa makala moja ya historia ya kompyuta anasema kompyuta za vyuo vikuu zilianza mwaka 1945 na ENIAC, ile kompyuta ya kielektroniki ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Hapana, ndugu yangu. Pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mhandisi Vannevar Bush na wenzake walikuwa na mashine ya shafti na gia ya kutatua milinganyo tangu 1931. Siri yake ni kigurudumu kinachoegemea sahani inayozunguka: kikisogezwa mbali na kitovu, kinakwenda kasi zaidi, na umbali huo ukiwakilisha kiasi kinachobadilika-badilika, jumla ya mizunguko yake ndiyo jumla ya kiasi hicho. Mimi lakini nawavulia kofia wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Mwaka 1934 Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter waliunda mashine kama hiyo ya majaribio kwa Meccano, vile vyuma vya watoto kuchezea! Na ikapiga hesabu za atomi kwelikweli.