Kadi Inabaki kwa Mama wa Bibi Harusi

Binti mmoja wa Wete, Pemba, ameona kamera ya Canon EOS 2000D iliyotumika inauzwa Darajani, Unguja, pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55. Anataka kupiga picha za harusi upande wa wanawake, na fedha alizonazo zinatosha kamera hiyo au simu nzuri, si vyote viwili. Kila aliyemuuliza kamwambia achukue simu. Mimi nimemwambia achukue kamera, na kwa kuwa wanaompinga wana hoja za kweli, nitaanza nazo hizo.

Kamera hiyo ilitangazwa Februari 2018, na hata siku hiyo haikuwa na mengi mapya. Ina nukta 9 za fokasi, yaani sehemu inazoweza kukazia ili picha itoke kali, na ya katikati peke yake ndiyo ya kutegemewa kwenye mwanga hafifu. Hupiga picha 3 kwa sekunde. Video yake inaishia 1080, haina tundu la kuchomeka maikrofoni, na ukiwa unarekodi haimfuati mtu anayetembea; fokasi unaitafuta upya mwenyewe. Skrini haiguswi wala haikunjuki. Mwenye kutaka kazi ya video aachane nayo. Tena ukoo wenyewe unapungua: Nikon D3500, ya rika lake, imeshaachwa kutengenezwa, na Canon nao nguvu zao sasa wamezielekeza kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, kama ile R100 ya 2023.

Hayo yote kweli. Lakini wanaosema picha zake "hazitoki usiku" wanailaumu kamera kwa kosa la lenzi. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba hii ikiwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa). Ukumbini saa tatu za usiku, chini ya taa za rangi, kamera italazimika kuacha mwanga uingie kwa sehemu ya 1/15 ya sekunde, na shangazi anayecheza atatoka kama moshi. Ukifyatua flashi yake ya juu, uso uliopambwa kwa saa nzima unageuka mng'aro mtupu na piko ya mikononi inapoteza wino wake. Sasa ivue lenzi hiyo, tia ya 50 yenye f/1.8, ambayo ni katika lenzi za Canon za bei ya chini kabisa. Mwanga unaoingia unakaribia mara 10. Ile 1/15 inakuwa 1/125, na shangazi anasimama ndani ya picha, mkono juu, kila bangili inahesabika. Mwili wa kamera ni ule ule. Na kwa kuwa mdomo wa lenzi wa aina ya EF haujabadilika tangu 1987, hata lenzi ya Canon EF iliyokuwa kwenye kamera ya filamu ya mjomba itaingia na kufanya kazi.

Ila hiyo ya 50 kwenye kihisi cha kamera hii, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, inabana, inaona kama ya 80. Katika vyumba vyembamba vya Mji Mkongwe utajikuta mgongo uko ukutani na bado bibi harusi haingii mzima. Huko inafaa ya 24 yenye f/2.8.

Jambo ambalo sisikii likitajwa ni simu zenyewe. Upande wa wanawake mara nyingi mlangoni unaambiwa simu usitoe, na wenye harusi wana haki. Watu wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, bibi harusi kapambwa kwa ajili ya mumewe na jamaa zake. Picha ikishakuwa kwenye simu haina mwenyewe tena. Mara nyingi inajihifadhi yenyewe mtandaoni bila mtu kuuliza, inatumwa kwenye kundi moja la WhatsApp, na asubuhi iko Mkoani, iko Muscat. Nimeona mama akilia kwa hilo. Mpiga picha anayeingia na simu, hata awe mwaminifu kiasi gani, anawaomba wenziwe wamwamini yeye pamoja na programu zote zilizomo ndani ya simu yake.

2000D haina pa kuipeleka picha. Ina Wi-Fi, lakini ikizimwa kwenye menyu imezimwa. Kinachobaki ni kadi ndogo inayoshikika kwa vidole viwili. Mwisho wa shughuli unaweza kuitoa mbele ya mama wa bibi harusi na kumkabidhi mkononi. Bei ya kadi iwe imo ndani ya malipo tangu siku ya mapatano. Kusema "nimezifuta" hakutoshi, maana picha zilizofutwa kwenye kadi hurudishwa na programu za bure.

Hapa pia pana udhaifu, tena mkubwa. Kamera hii ina nafasi ya kadi moja tu, wakati zile za bei ya juu nyingi zinaandika kwenye mbili kwa pamoja. Kadi ikifa, harusi imekwenda, wala hairudiwi. Dawa niitumiayo ni kugawa: kadi moja ya kupambwa, nyengine ya ukumbini, nyengine ya kuaga.

Shela nayo ina somo lake. Kamera inapopima mwanga hudhani kila kitu ni rangi ya katikati, kwa hiyo nguo nyeupe ikijaa kwenye fremu inatoka kijivu kama jivu, na ngozi yetu inazama. Ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili, piga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, na sura ya mtu itabaki sura yake. Simu nyingi hulainisha na kung'arisha ngozi bila kuombwa.

Binti anavuka kuja Unguja wiki hii. Nimemwambia kabla hajatoa fedha apige ukuta mweupe kwa f/22, kwa sababu kamera hii haijisafishi kihisi na vumbi litaonekana kama madoa. Kisha aivue lenzi, aimulike kwa tochi upande wa nyuma. Akiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu, yaani kuvu, wa unyevu wa pwani, na lenzi hiyo aiache pale pale.