Kabla ya Kumpeleka Mama KIA, Kaeni Naye Jioni Moja

Huku kwetu mtu akisafiri kwenda Ulaya au Marekani, ukoo mzima unamsindikiza. Gari mbili za Noah zinajaa, sala inafanyika sebuleni, picha zinapigwa nje ya jengo la abiria mpaka simu zinaishiwa chaji. Naipenda sana desturi hii na nisingependa ife. Linaloniuma ni kwamba msafiri mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mama wa miaka sitini na kitu anayekwenda kumwangalia binti aliyejifungua, anaingia mlango wa ukaguzi bila kujua kitakachomkuta mbele. Tumemwombea, tumemfungia zawadi, tumemkumbatia. Aliyekaa naye chini akamweleza safari yenyewe hatua kwa hatua hayupo.

Tangu KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ufunguliwe mwaka 1971, watu wa Arusha na Moshi tumepata njia ya kwenda nje bila kulazimika kushuka Dar es Salaam au kuvuka mpaka kwenda Nairobi. Na uwanja wetu si mkubwa; hata mgeni hawezi kupotea humo. Kazi inaanza pale ndege ya kwanza inapomshusha Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam, kwenye jengo ambalo kutoka geti moja hadi jingine ni mwendo wa kuchosha, na kila anayepita ana haraka zake. Mambo ya huko yanaandaliwa nyumbani, na jioni moja ya kukaa pamoja inatosha.

Anzeni na saa. Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao timamu hukosa ndege, kwa sababu tiketi inasoma saa za kizungu na sisi tunaishi kwa saa zetu. Ikiandikwa 17:20 ni saa 11 na dakika 20 jioni. Ikiandikwa 03:15 ni saa 9 na robo usiku. Inayoumiza zaidi ni ile ya 00:55. Tiketi inasema tarehe 15, familia nzima inapanga kuondoka nyumbani tarehe 15 jioni, na ndege imesharuka usiku uliopita. Ndege ya 00:55 ya tarehe 15 unaifuata tarehe 14 baada ya chakula cha jioni, usiku wa kuamkia tarehe 15. Andikeni hivyo hivyo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, saa za tiketi upande mmoja na saa zetu upande wa pili, pamoja na siku ya wiki. Mama asiachiwe kukokotoa kutoa sita akiwa amesimama kwenye foleni.

Jambo moja la kumtuliza: Addis Ababa, Nairobi, Doha na Istanbul zote zinatumia saa ileile tunayotumia sisi. Akishuka huko, saa yake ya mkononi haihitaji kuguswa. Amsterdam ndiyo iko nyuma yetu, kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi chao. Na muda wowote ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mji ule ndege inapoondokea au kutua.

Baada ya saa, karatasi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele, maana nchi nyingi zinadai hivyo na shirika la ndege linaweza kumzuia hapahapa KIA. Kadi ya manjano ya homa ya manjano, kama anayo, ni ya maisha tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipobadilisha utaratibu Julai 2016, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Kama hana na safari inaidai, achanjwe mapema, kwa kuwa cheti kinaanza kutambulika siku kumi baada ya sindano. Barua ya mwaliko, anwani ya anakokwenda na namba ya simu ya mwenyeji ziwe zimechapishwa. Kuziweka kwenye WhatsApp peke yake ni hatari. Akitua ugenini bando la kwetu halifanyi kazi, na intaneti ya bure ya uwanjani mara nyingine inataka namba ya kuthibitisha ambayo haitamfikia.

Afisa wa uhamiaji wa huko atamuuliza maswali mepesi: unakwenda kwa nani, anakaa wapi, utakaa muda gani, utarudi lini. Mama anayajua majibu yote. Ila akiulizwa kwa Kiingereza cha haraka na mtu aliye nyuma ya kioo, anaweza kubabaika akaonekana ana la kuficha. Mfanyisheni mazoezi, mmoja wenu awe afisa. Watoto watacheka, naye atacheka, lakini majibu yatakaa kichwani.

Sasa mizigo, na hapa nitakaa kidogo. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya kaunta pale KIA nyuma ya mama mmoja aliyevaa kitenge kipya kabisa. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, begi hili limezidi kilo nne."

"Sasa baba, nitoe nini na vyote ni vya mtoto?"

Likafunguliwa sakafuni mbele ya watalii waliotoka mlimani na viatu vyao vya vumbi. Unga wa ulezi, khanga, dumu la asali, dagaa, na chini kabisa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, umegandishwa na kufungwa mifuko mitatu. Mwanawe alikuwa nje, haruhusiwi kuingia bila tiketi, simu inaita na mama hana mkono wa kuipokea. Ile fedheha ingemalizwa na mizani ya duka la jirani siku moja kabla. Pimeni begi nyumbani. Angalieni kwenye tiketi ni kilo ngapi na mabegi mangapi, kwa sababu hata ndani ya shirika moja inategemea aina ya tiketi iliyokatwa.

Na mtori ule haukuwa na safari ndefu hata kama kilo zingetosha. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nchi kama yetu kuingia na nyama wala maziwa, hata kidogo cha kula mwenyewe. Najua inavyouma: mama aliyejifungua asipokunywa mtori, bibi anaona hajafanya kazi yake. Habari njema ni kwamba ndizi zenyewe zinaruhusiwa. Matunda mabichi mengi yanadai cheti cha afya ya mimea kabla ya kuingia Ulaya, lakini ndizi, nanasi, nazi, tende na durian yamesamehewa. Kwa hiyo bibi wa Kibosho au Machame anayekwenda Ujerumani abebe ndizi zake mbichi za mshare kwenye begi kubwa, nyama ataikuta huko, na mtori utapikwa moto jikoni kwa binti. Asali nayo inapita isipozidi kilo mbili kwa mtu. Maembe na parachichi aache. Anayekwenda Marekani asihesabu ndizi wala nyama, na kila chakula alichobeba akitaje kwenye fomu au kwa afisa. Kinachotajwa kikikataliwa kinatupwa tu, kilichofichwa kinaleta faini.

Unga wote uende kwenye begi kubwa. Poda nyingi ndani ya begi la mkononi inachelewesha ukaguzi, na kwa safari za Marekani inaweza kuzuiwa kabisa. Kwenye begi la mkononi vimiminika visizidi mililita 100 kwa chupa, mafuta ya kupaka yakiwemo, na maji anywe kabla ya mashine. Dawa za presha na sukari zisiwekwe kamwe kwenye begi kubwa. Zikae mkononi, kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari, kwa dozi ya siku kadhaa zaidi ya safari. Pawabenki pia ni ya mkononi tu. Ikikutwa kwenye begi lililokwisha kupelekwa, begi linatolewa.

Mzigo ukishapimwa, mama asiondoke kaunta kabla hajakiona kibandiko. Kina herufi tatu za mji ambapo mzigo utashukia. Mwandikieni herufi hizo kwenye ile karatasi yake: akiwa anakwenda Oslo aone OSL. Akiona ADD, maana yake begi litaishia Addis Ababa, na aulize hapohapo. Kile kipande anachopewa abandike nyuma ya pasipoti. Mwenye mzigo uliopotea na hana kipande anahangaika mara mbili.

Ndugu zangu mlio nje, hili ni lenu. Msimkatie mzee tiketi mbili tofauti kwa sababu mmeona bei nzuri. Tiketi mbili zisizoungana maana yake mara nyingi ni kutoka nje ya eneo la wasafiri, kuchukua begi, kupanga foleni upya, na pengine kudaiwa viza ya nchi ambayo hana haja nayo. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haimngoji na hakuna anayewajibika. Na kama njia inapita Marekani, viza inatakiwa hata kwa kupita tu. Ongezeni hizo dola, mkate tiketi moja yenye mapumziko ya saa tatu au nne katikati. Saa moja na nusu kwenye kiwanja kikubwa inamtosha kijana mwenye mbio, haimtoshi mama yenu.

Halafu ombeni kiti cha magurudumu. Naandika hili nikijua wazee wetu wanavyolipinga. "Mimi ni mgonjwa?" Kuna vijana pia wanaodhani ni kudanganya. Siamini hivyo hata kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu abiria wenye shida ya kutembea inataja umri waziwazi kama sababu, na msaada huo ni bure. Mama ambaye magoti yanamuuma akipanda ngazi za kanisa ana kila haki ya kusukumwa kwenye korido za Amsterdam. Faida yake haiko miguuni tu: mtu anayemsukuma anaijua njia, anampeleka mpaka geti lenyewe, anampitisha ukaguzi na uhamiaji. Ombi lipelekwe kwa shirika la ndege mapema, angalau saa 48 kabla, halafu likumbushwe kaunta. Kama mama ana afya ya kutembea lakini lugha ndiyo tatizo, ulizeni huduma ya kumsindikiza; mashirika mengi yanayo, mengine kwa malipo.

Atakayetembea mwenyewe afundishwe kitu kimoja: skrini. Geti lililochapwa kwenye bodingi pasi linaweza kubadilika, na viwanja vingi havitangazi kila ndege kwa kipaza sauti. Atafute skrini, alinganishe namba ya ndege, si jina la mji, kwa sababu miji ya njiani inaweza kuandikwa pamoja. Aende getini kwanza, aone kwa macho, ndipo atafute choo na chakula. Doha ana alama nzuri: lile sanamu kubwa la dubu wa njano katikati ya jengo. Akipotea, arudi kwa dubu.

Kuhusu barabara nitasema kifupi. Njia nne za kutoka Sakina zinaishia Tengeru. Kuanzia hapo mnafuatana na malori ya mpakani Holili, na kila kijiji kina kibao chake cha kilomita hamsini kwa saa na trafiki wake. Jumatano na Jumamosi ni soko la Tengeru. Wa Arusha wana kilomita kama 50, wa Moshi pungufu ya hapo, na wote wawe uwanjani saa tatu kabla ya ndege, maana kaunta hufungwa kama saa moja kabla haijaruka.

Kurudi nako kunahitaji karatasi yake, iandikwe na huyo binti aliyemwalika. Baadhi ya ndege zinazotua KIA zinaendelea Dar es Salaam au Zanzibar, au zinaanzia huko kabla ya kuja kwetu. Mama asinyanyuke kwa sababu jirani yake amenyanyuka. Amuulize mhudumu kama hapa ni Kilimanjaro. Akiwa amekaa kiwanja cha nchi yenye homa ya manjano zaidi ya saa 12 njiani, anaweza kuulizwa kadi ya manjano akiingia nyumbani, kwa hiyo isifungiwe kwenye begi kubwa. Wanaokuja kumpokea wahakikishe tiketi inasema JRO, ambayo ndiyo KIA. ARK ni kile kiwanja kidogo cha Arusha kilichoko Kisongo. Na zawadi atakazorudi nazo zifungwe kwenye mifuko ya kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mtu anayeingia nayo huambiwa aiache palepale uwanjani.