Ubena Hakukuwa na Pamba

Mwalimu wetu wa historia aliandika ubaoni sababu za Vita vya Majimaji, vile vya kuwapinga watawala wa Kijerumani, na ya kwanza ilikuwa kilimo cha pamba cha lazima. Tukanakili. Nje ukungu wa Juni ulikuwa umefunika Njombe yote, nasi tumejikunyata ndani ya masweta. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza: pamba gani, huku kwetu Ubena kwenye baridi?

Umatumbi, kusini karibu na pwani, ni sawa. Huko maakida, mawakala wa serikali ya Kijerumani, waliwaswaga watu kwenye mashamba ya pamba, na Julai 1905, kule Nandete, miche ilipong'olewa, vita vikawaka. Lakini Septemba ya mwaka huohuo Mbeyela, mtwa (chifu) wa Wabena, aliwapeleka watu wake kuivamia misheni ya Wajerumani pale Yakobi. Yakobi hakukuwa na mche wa kung'oa.

Basi Wabena walikuwa na hasira yao wenyewe. Kodi ya nyumba, rupia 3, ilianza 1898, na asiye na rupia alilazimika kuitolea jasho kwenye kazi za Mzungu. Watwa waliozoea kuamua kesi za watu wao wakakuta boma na misheni vimekalia kiti chao.

Linaloniuma zaidi ni ile hadithi ya maji, dawa iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji, inayosimuliwa kana kwamba babu zetu walikuwa wajinga wasiojua risasi. Walizijua. Nyanda hizi zilikuwa zimeshaona vita vya Wahehe na Wajerumani: Lugalo mwaka 1891, Kalenga, ngome ya mtwa wao Mkwawa, ikianguka 1894, na Mkwawa akijiua Mlambalasi 1898. Kwangu mimi, kazi kubwa ya dawa ile ilikuwa kuwapatanisha watu: Mbeyela alisimama pamoja na Wangoni, ambao Wabena walikuwa wamepigana nao miaka mingi. Wahehe wa Iringa hawakujiunga, na baadhi yao walipigana upande wa Mjerumani. Hilo nalo lifundishwe, hata kama linauma.

Kisha ikaja njaa. Majeshi ya Gavana wa Kijerumani, Götzen, yalichoma nyumba, mashamba na vihenge, kwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki.

Songea kuna makumbusho, na kila Februari 27 mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906 hukumbukwa. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa; tulipelekwa kuliona, safari ya basi ya kutwa nzima. Yakobi, ambako ni karibu zaidi na darasa letu, hatukupelekwa hata siku moja.