Acheni Kumzomea Mkimbiaji Anayetembea

Wiki hii imezunguka tena kwenye magrupu ya jogingi ya Mtwara: ratiba ya wiki 8 ya kumtoa mtu sifuri hadi kilomita 42, na chini yake, kwa herufi kubwa, HAKUNA KUTEMBEA. Alfajiri kwenye mchakamchaka wa kwenda Mikindani sheria hiyohiyo inaimbwa na kundi linaitikia. Sasa mtazameni yule aliyejiunga juzi, mwenye ndoto ya kukimbia Dar au Nairobi, anapofika pale barabara inapoanza kuiona bahari. Mabega yamepanda hadi masikioni, ngumi zimekazwa, jasho limeshuka mpaka kwenye soksi. Ukimsalimia anatikisa kichwa tu, maana pumzi ya kuitikia hana. Wenzake wanamhimiza aongeze. Inaniuma, kwa sababu mwezi ujao hatumwoni tena, na sisi tutasema alikuwa mvivu.

Tatizo ni kasi, na kwa pwani yetu kasi haipangwi kwa ratiba iliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Jasho humpoza mtu pale tu linapokauka kwenye ngozi. Hewa ikijaa unyevu, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, linadondoka chini bila kukauka. Joto linabaki mwilini, moyo unapeleka damu nyingi kwenye ngozi, na miguu nayo inadai yake. Kwa mwendo uleule, mapigo ya moyo ya mtu wa Chikongola, hapa Mtwara, yanakuwa juu kuliko ya mwenzake anayekimbia kwenye baridi. Hata saa kumi na moja alfajiri, joto limeshuka lakini unyevu ndio uko juu. Kwa hiyo wekeni saa pembeni, mpimeni kwa mdomo. Akiweza kusema sentensi mbili kamili bila kukatika pumzi, mwendo ni wake. Akishindwa, apunguze. Akishindwa tena, atembee mpaka maneno yarudi, kisha aanze upya.

Anayeanza kabisa akimbie dakika 2, atembee dakika 2, mara 8, siku tatu kwa wiki, na asifuatanishe siku hizo. Baada ya wiki mbili au tatu, dakika 4 kwa 1, mara 6. Akifika dakika 40 mfululizo huku anapiga soga, hapo ndipo wiki 16 hadi 20 za maandalizi ya kilomita 42 zianze kuhesabiwa. Mbio ndefu ya Jumapili iende kilomita 8, 10, 12, na wiki ya nne irudi 8. Ipande hivyohivyo hadi 28 au 30, na hiyo kubwa kabisa ifanyike wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Kutoka hapo apunguze.

Kwa nini taratibu hivyo? Mapafu na moyo huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana wengi huumia wiki ya tano au ya sita, wakati wanajisikia wana nguvu kuliko siku zote. Ugoko unaanza kuuma. Maumivu yaliyotawanyika kando ya mfupa, yanayopungua ukipumzika siku chache, ni onyo la kupunguza kilomita. Lakini ukiweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, na yakauma hata ukitembea au ukilala, acha kukimbia uende hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa, na dawa ya kuchua haizibi ufa.

Msimtajie Alphonce Simbu, bingwa wetu wa marathoni, kumtia aibu. Tokyo mwaka 2025 alitwaa ubingwa wa dunia kwa 2:09:48, karibu dakika 3 kila kilomita, na alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa, kwa sekunde 0.03. Wakimbiaji wa kiwango chake hufanya sehemu kubwa ya mazoezi kwa mwendo wa chini sana kuliko ule wa mashindano. Anayeanza lengo lake ni kumaliza. Mbio nyingi za jijini huwa na ukomo wa saa 6 au 7, na dakika 8 na nusu kwa kilomita zinamfikisha ndani ya saa 6, hata akitembea dakika moja kila baada ya kumi, mradi hesabu ya jumla itimie.

Maji: apimwe uzito kabla na baada ya saa moja ya mbio, bila nguo zilizolowa. Kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho. Anywe kwa kiu, na kwenye mbio ndefu aongeze chumvi. Pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, inachanganywa kwa lita 1 kamili ya maji. Kujaza maji matupu kwa saa 5 kunazimua chumvi ya damu, na mtu huanguka tumbo likiwa limejaa. Chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi mbivu ya wastani ina kama 25. Ajaribu hayo mazoezini kwanza. Korosho, pamoja na kwamba ndizo zetu, zina mafuta na hukaa tumboni, zisubiri jioni.

Viatu vya mtumba ni sawa, ila bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au kisigino kimelika upande mmoja, virudishe mezani. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na nafasi ya upana wa dole gumba ibaki mbele. Mafuta ya mgando yapakwe mapajani na kwenye chuchu, pasichubuke. Barabarani kimbia upande wa kulia, magari uyaone yanakuja. Ufukwe wa Shangani unafaa maji yakipwa tu, mchanga ukiwa mgumu. Wa Lindi wana bahati ya kilima cha Mtanda. Sisi wa tambarare tutafute mwinuko wowote wa kufanyia mazoezi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila vikundi hivi wengi wasingeamka. Nyimbo zinamtoa mtu kitandani, na ule mshikamano hauuzwi dukani. Basi viongozi, Jumamosi hii pangeni mstari wa pili nyuma ya kundi. Awekwe mzoefu mmoja mwenye saa ya kuhesabu dakika 2 kwa 2, na awe wa kwanza kutembea.